SOMO LA JUMA: Chombo hiki ni cha nani?

Mfanyabiashara wa maharage wa Ngara au wa mahindi wa Biharamulo hufungua ukurasa huu kutafuta bei. Lakini bei ya gunia lililopita ziwani ina nauli ndani yake, na nyuma ya nauli yupo mwenye chombo. Juma hili tuiache mizani kidogo, tuulize jambo ambalo wenye mitaji huliuliza wakiwa wamekwisha kulipa: nani anaruhusiwa kumiliki meli?

Chukua mfano. Watu wawili wa Biharamulo wanataka chombo cha kubeba mizigo kutoka Nyamirembe, bandari iliyokuwa ya wilaya yao hadi Chato ilipomegwa mwaka 2005. Fedha hazitoshi. Shemeji wa mmoja wao, raia wa Burundi anayefanya biashara kupitia mpaka wa Kabanga wilayani Ngara, yuko tayari kuongeza. Je, aandikwe?

Waingereza, ambao sheria zao ndizo mzizi wa sheria zetu za meli, walikuwa na jibu kali. Sheria zao za mwaka 1651 na 1660 zililinda biashara ya makoloni kwa ajili ya meli za Kiingereza. Zilifutwa mwaka 1849, lakini sharti la umiliki likabaki. Kwa Sheria ya Meli za Biashara ya 1894, meli iligawanywa hisa 64, na zote 64 zilitakiwa ziwe za raia wa himaya, au za kampuni iliyoundwa kwa sheria za himaya na yenye makao makuu ya biashara humo. Mgeni akinunua hata hisa moja, serikali ingeweza kuichukua. Akirithi, mahakama ingeweza kuamuru iuzwe, yeye apewe fedha. Hapo shemeji wetu asingepita.

Asingepita mlango wa mbele, yaani. Litazame tena neno kampuni. Sheria iliuliza kampuni imeundwa wapi, haikuuliza wenye hisa wake ni raia wa wapi. Mwaka 1902 matajiri wa Marekani chini ya J. P. Morgan waliinunua White Star Line. Meli yake Titanic, iliyozama mwaka 1912, ilikuwa ya Kiingereza kwenye karatasi na ya Kimarekani mfukoni. Mwaka 1988 Uingereza ilijaribu kuziba mwanya huo kwa meli za uvuvi, ikataka asilimia 75 ya umiliki iwe ya Waingereza. Wahispania wenye meli, katika kesi ya Factortame, walifika Mahakama ya Ulaya na kushinda mwaka 1991.

Mwambao wetu nao unaijua biashara ya bendera. Wenye majahazi wa Sur, raia wa Sultani wa Muscat, walipewa bendera za Ufaransa, na manowari za Uingereza zilizokuwa zikisaka wasafirisha watumwa hazikuweza kuwapekua ovyo. Shauri lilikwenda The Hague. Uamuzi wa Agosti 1905 ukaizuia Ufaransa kutoa bendera mpya, isipokuwa kwa watu iliokuwa ikiwalinda tangu kabla ya 1863. Na mwaka 2012 meli za mafuta za Iran zilikutwa na bendera ya Tanzania, zimeandikishwa na wakala wa Zanzibar aliyekuwa Dubai. Serikali ilizifuta, lakini jina letu lilikwisha ingia katika ugomvi wa vikwazo usiotuhusu.

Turudi Nyamirembe. Kwa Tanzania Bara sheria ya kutazama ni ile ya mwaka 2003, na uandikishaji uko chini ya TASAC. Huko ndiko kwa kuuliza kama shemeji anaweza kuandikwa mwenyewe, au aingie kupitia kampuni. Ipo pia njia ya tatu, ya zamani: awakopeshe, chombo kiwe rehani. Hata Waingereza, pamoja na ukali wao, hawakumhesabu mwenye rehani kuwa mmiliki.

Ninachokiogopa ni njia ya nne, nayo ndiyo rahisi kuliko zote: fedha za shemeji ziingie kimyakimya, jina liwe la mwingine, wapeane mikono. Siku aliyeandikwa akifariki, warithi watafungua sanduku na kukuta hati yenye jina moja tu. Shemeji atabaki na mashahidi wa mdomo, tena ng'ambo ya mpaka.