Insha za Kiuamilifu: Tawasifukazi

Tawasifukazi ni maelezo ya mtu kuhusu elimu, tajriba na ujuzi wake anapoomba kazi. Huambatanishwa na barua ya kuomba kazi. Yenyewe si barua.

Sehemu zake:
(a) Maelezo ya kibinafsi: jina, anwani, simu, uraia, lugha.
(b) Elimu: anza na ya hivi karibuni.
(c) Tajriba: mwaka, cheo, mahali, majukumu.
(d) Ujuzi na uraibu.
(e) Warejelewa: angalau wawili, wasiwe jamaa zako.

Tanbihi
Watahiniwa wengi huacha (c) wazi wakidai hawajawahi kuajiriwa. Tajriba si kazi ya mshahara pekee. Tuseme unaomba ukarani. Ukiandika “Mhazini, Chama cha Kiswahili” ukakomea hapo, umetaja cheo tu. Ongeza majukumu: “Nilikusanya ada za wanachama 40 na kuweka daftari la mapato na matumizi.” Sasa mwajiri anaona mtu aliyewahi kuaminiwa na pesa. Anayebadilisha kazi naye hufanya vivyo hivyo: mhudumu wa mkahawa anayeomba kazi ya uuzaji hueleza alivyowahudumia wateja.

Usibuni usichokifanya, warejelewa wataulizwa.

Zoezi
Andika tawasifukazi ukiomba nafasi ya msaidizi wa maktaba.