Maneno Matatu Yanayoamua Kama Pesa Yako Itatoka

Uko dukani, umechukua unga na sukari, na foleni nyuma yako ni ndefu. Unaweka kiasi, unaweka PIN, unangoja. Sekunde chache tu, ujumbe unaingia. Nani ameamua pesa itoke? Si mtu, ni programu. Hebu tuangalie maneno matatu ambayo waandishi wa programu huyatumia kila siku.

1. if
Litamke "ifu", lakini u iwe nyepesi sana. Ni neno la kawaida la Kiingereza, yaani "ikiwa". Mwenzake ni else, "la sivyo". Ikiwa salio linatosha, lipa. La sivyo, kataa. Ndiyo maana ukipungukiwa hata na shilingi moja, hakuna kubembeleza!

2. char
Ni kifupi cha character, yaani herufi au alama moja. Wengi walilijua kupitia lugha ya C, aliyoitengeneza Dennis Ritchie huko Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kuna wanaoanza na "cha" kama chai, na wengine "ka" kama kahawa. Ubishi haujaisha, lakini wote wanaelewana.

Kazi yake? Chukua nambari ya simu inayoanza na 07. Ikiwekwa kama hesabu, sifuri ya mbele inapotea na tarakimu 10 zinabaki 9. Kwa hivyo ni salama zaidi kuiweka kama safu ya herufi. Kwani nani hujumlisha nambari za simu?

3. bool
Tamka kama "buli" ya chai, ila uache i ya mwisho. Linatokana na jina la George Boole, mwanahisabati Mwingereza (1815–1864) aliyeonyesha kwamba hoja zinaweza kufanyiwa hesabu. Hubeba jibu moja kati ya mawili: kweli, ama si kweli.

Sasa sikiza vizuri. Ukiweka PIN, swali ni "Je, PIN hii ni sahihi?" Haliulizwi "Je, aliyeiweka ni mwenyewe?" Akiiweka mwingine na ikiwa sahihi, jibu ni lile lile: kweli.

Basi usimtajie mtu PIN yako, awe rafiki, ajenti, ama anayekupigia akidai ni wa huduma kwa wateja. Na kama kuna mtu anayeijua tayari, ibadilishe leo.