Dondoo Muhimu: Kuandika Athari ya Kitabu Moyoni

Ewe msomaji wa Kwale, uliyekifunga Kusadikika cha Shaaban Robert (1951) au Uhuru wa Watumwa cha James Mbotela (1934) na fikira zikakataa kutulia, zingatia haya kabla athari haijafifia:

• Andika siku ile ile, kwa penseli, daftarini mwako. Wino huenea unyevu wa masika uingiapo karatasini, na pambizo za kitabu cha kuazima ni amana ya mwenyewe.

• Usisimulie kisa upya, kosa la wengi. Taja ukurasa, kisha useme kama ulikughadhibisha, ulikuliwaza au ulikutia shaka, na kwa sababu gani.

• Karama wa Kusadikika aliposhitakiwa mbele ya mfalme, wewe ungemtetea au ungenyamaza? Toa jawabu la kweli, hata likikuaibisha.

• Aliyesoma habari za utumwa, awe wa Diani au Msambweni, na ateremke hadi Shimoni, aingie pango la watumwa, aguse mwamba ule wenye baridi, ndipo aandike. Nami sijui ufafanuzi wa kitabu ulio bora kuliko huo.

• Rai ya mwalimu au sahibu isikilize baada ya kuandika yako, si kabla.