Kamera ya Kukodi na Bima Yake

Wenzangu, kamera ya kukodi ikipotea, aliyekodi ndiye alipaye: si kodi ya siku moja, ila bei ya kamera nzima. Kwa hiyo bima yafaa. Lakini isomeni kwanza.

Kwa kawaida bima hulipa hasara ya ghafula, kama wizi, moto au kuanguka. Mara nyingi hailipi kamera iliyoachwa garini bila mlinzi, wala lenzi iliyoota kuvu, maana kuvu huota polepole kwa unyevu.

Basi, kwanza, andikeni namba za vyombo na kila mkwaruzo mbele ya mwenyewe. Pili, wekeni sandukuni vifuko vya silika vinyonyavyo unyevu. Tatu, wekeni nakala ya picha mahali pengine jioni ile ile, kwani hakuna bima irudishayo arusi.