Saa moja kwa ofisi nzima

Ofisi yenye kompyuta 20 ina saa 20, na kila moja inakwenda mwendo wake. Kipande cha kwatsi kinachoiongoza saa ya kompyuta hupotoka kwa urahisi sekunde moja au mbili kwa siku. Mwezi ukiisha, tofauti inaweza kufika dakika nzima. Ndipo risiti huonekana kutangulia mauzo yenyewe. Ukitumia Active Directory ni balaa zaidi: kompyuta ikipishana na seva kwa zaidi ya dakika 5, kwa mpangilio wa kawaida, mtumiaji hukataliwa kuingia japo nywila yake ni sahihi.

Kosa ninalokutana nalo mara nyingi ni kuiacha kila kompyuta iulize saa huko nje kwenye intaneti. Teua moja isiyozimwa, ikiwezekana yenye UPS, nyingine zote ziulize hiyo. Mimi hupendelea Linux yenye programu ya chrony. Katika faili la chrony.conf andika:

pool africa.pool.ntp.org iburst
allow 192.168.1.0/24
local stratum 10
makestep 1.0 3

Mstari wa kwanza huleta vyanzo kadhaa, kwa sababu vikiwa viwili tu na vikapishana, hujui kipi kinasema kweli. Wa pili huruhusu kompyuta za ofisi kuiuliza seva hii. Wa tatu usiuache kamwe: intaneti ikikatika siku nzima, seva yako itaendelea kutoa saa, na kompyuta zote zitabaki pamoja hata zikikosea kidogo. Wa nne huruhusu saa kurukishwa mwanzoni tu. Baadaye husogezwa taratibu, hifadhidata isije ikaona muda ukirudi nyuma. Fungua pia mlango wa UDP 123 kwenye ngome ya seva.

Kwenye Windows isiyo ndani ya domeni, fungua dirisha la amri kama msimamizi:

w32tm /config /manualpeerlist:192.168.1.10 /syncfromflags:manual /update
w32tm /resync

Weka anwani ya seva yako. Zilizo ndani ya domeni ziache zifuate seva ya domeni. Hiyo ndiyo uielekeze kwa seva yako ya saa.

Kagua kwa chronyc sources: alama ya nyota inaonyesha chanzo kinachofuatwa. Kompyuta ikirudi miaka ya nyuma kila inapozimwa, badilisha betri yake, mara nyingi CR2032. Na tofauti ikiwa saa 3 kamili, usiiguse saa. Rekebisha ukanda wa saa uwe Africa/Dar_es_Salaam au Africa/Nairobi.