Amua Mwezi Kwanza, Ndipo Ufungue Rangi

Wengi wanaounganisha modeli za magari ya kijeshi hukimbilia kuzichafua kabla ya kujiuliza uchafu wenyewe ulitoka wapi. Gari lililopita Moiben, nje ya Eldoret, mwezi wa pili lina vumbi jekundu hadi kwenye bawaba za milango. Lililopita hapo hapo mwezi wa saba lina matope mazito chini ya madigadi, lakini paa limeoshwa na mvua. Ukiyapaka yote mawili kwenye modeli moja, mkazi yeyote wa Eldoret atakushangaa. Basi chagua mwezi, uandike kwenye karatasi, uiweke mezani mbele yako.

Tuchukue Land Rover 109. Gari halisi lina urefu wa mita 4.4 hivi, na kwa kipimo cha 1/35 modeli yake haizidi sentimita 13. Kwenye gari halisi jua hutia kivuli chini ya kila ribiti. Kwenye modeli ribiti ni ndogo mno, hivyo kivuli hicho huna budi kukipaka kwa mkono. Kazi hiyo ni ya woshi, yaani rangi iliyozimuliwa ikawa kama strungi, ambayo hutambaa yenyewe na kutuama kwenye pembe na mifereji. Filta ni nyembamba zaidi: ni kama maji uliyosuuzia kikombe cha hiyo strungi. Haitafuti mifereji. Hupakwa juu ya gari zima na kuigeuza kidogo rangi iliyo chini.

Rangi ya kwanza, tuseme kijani cha jeshi, iwe ya akriliki. Ikikauka, pulizia vanishi ya kung'aa na uiache siku nzima. Woshi huteleza vizuri juu ya vanishi hiyo, na juu ya rangi iliyoparara hunywewa na kuacha madoa.

Kwa woshi na filta, tubu tatu za rangi ya mafuta ya wachoraji zinatosha: kahawia iliyokolea, manjano ya udongo na nyeupe. Kamulia kidogo juu ya kipande cha boksi na uache kwa saa moja. Karatasi hufyonza mafuta, na rangi ikikauka haitang'aa kama kikaango. Zimua kwa tapentaini ya kuzimulia rangi za mafuta. Usitumie thina ya wapuliza rangi za magari! Niliwahi kuitumia kwa haraka zangu, na mlango wa modeli ukajikunja kama ganda la ndizi. Mafuta ya taa nayo yaache kwenye stovu, kwa sababu huacha utelezi ambao vanishi ya baadaye haitaushika. Chupa yoyote usiyoiamini, ijaribu kwanza kwenye vipande vilivyobaki vya fremu ya plastiki iliyoshikilia sehemu za modeli.

Anza na filta, kiasi cha sehemu 1 ya rangi kwa sehemu 20 za tapentaini. Chovya brashi pana, ipanguse kwenye tishu hadi ibaki na unyevu tu, kisha upake. Ukiona kidimbwi, umezidisha. Eldoret iko mita 2,100 hivi juu ya usawa wa bahari na jua lake ni kali, kwa hiyo rangi hupauka mapema kwenye boneti na paa. Hapo ongeza filta ya manjano ya udongo mara mbili au tatu, kila tabaka likauke kwanza. Jioni zetu zina baridi na rangi ya mafuta hukawia, kwa hiyo subiri hadi kesho.

Woshi huchanganywa sehemu 1 kwa 10. Chukua brashi nyembamba, gusa tu pembeni mwa ribiti na uache umajimaji utambae. Juu ya kijani tumia kahawia, si nyeusi, maana nyeusi hufanya gari lionekane limechorwa kwa kalamu. Baada ya dakika kumi na tano, safisha ziada kwa brashi yenye unyevu wa tapentaini, ukivuta kutoka juu kwenda chini, kama maji ya mvua yanavyoshuka.

Funika kazi kwa vanishi isiyong'aa, ndipo uje kwenye vumbi. Udongo wa shambani unafaa, mradi ukaushwe na kuchujwa kwa kitambaa chepesi. Kumbuka kipimo: tope la sentimita 3.5 kwenye gari halisi ni milimita 1 kwenye modeli. Punje moja ya mchanga itaonekana kama jiwe la kujengea.

Fanya kazi hii dirisha likiwa wazi, mbali na jiko na watoto. Vitambaa vyenye rangi ya mafuta vianike nje vikiwa vimetandazwa; vikifinyangwa pamoja vinaweza kupata joto na kuwaka vyenyewe.

Na ukitaka mfano wa kuangalia, usiende na kamera kwenye Kambi ya Moi, wanakofunzwa makuruta wa jeshi. Kupiga picha huko bila idhini ni kosa. Nenda kwenye foleni ya malori ya mahindi nje ya bohari la Bodi ya Nafaka (NCPB) wakati wa mavuno, uangalie matairi, ngazi za dereva na nyuma ya madigadi. Dereva amekaa hapo tangu asubuhi. Ukimsalimia vizuri atakueleza hata njia aliyopita.