Umeme wa Jua Nyumbani: Betri si Kitu cha Kuweka Chini ya Kitanda

Ndugu wazazi, huenda mkashangaa kuona ukurasa wa afya umeingia katika kazi ya mafundi. Sababu ni hii. Kwa miaka mingi watoto tuliowapokea wodini kwa ajili ya taa ni wale waliounguzwa na kibatari, au waliokunywa mafuta ya taa yaliyowekwa katika chupa ya soda. Hao bado tunawapata. Lakini sasa wameongezeka na wa namna nyingine.

Mama mmoja alituletea mtoto wa miaka mitatu anayetokwa na mate, midomo imevimba, hawezi kumeza. Baba yake alikuwa amefunga umeme wa jua mwenyewe, na kazi yake ilikuwa nzuri, taa zote zinawaka. Asidi iliyobaki baada ya kujaza betri aliitia katika chupa ya maji ya kunywa na kuiweka chini ya kitanda, kando ya betri. Mtoto hakufa, ila koo lilibaki na kovu. Hadi leo hupelekwa hospitali ya rufaa kupanuliwa njia ya chakula, na nyumbani anakula uji na vyakula laini tu.

Sisemi msifunge sola. Moshi wa kibatari unachoma macho na kifua, na mtoto anayesoma ameinamia moto hatari yake mnaijua. Mimi mwenyewe nimefunga nyumbani kwangu, nikisaidiwa na mtoto wa dada yangu. Ninayosema hapa mengine niliyajifunza kwa kukosea.

Kwanza pigeni hesabu kabla ya kwenda dukani. Chukua wati za kila chombo, zidisha kwa saa kitakazotumika. Taa nne za wati 5 kwa saa 4 ni 80. Redio ya wati 10 kwa saa 3 ni 30. Kuchaji simu mbili tuseme 20. Jumla ni 130 kwa siku. Umeme mwingine hupotea njiani, kwa hiyo tafuta kama 170. Jua kali la kuhesabika kwetu ni kama saa 4 au 5 kwa siku, basi paneli ya wati 50 inatosha. Betri je? Weka akiba ya siku mbili za mawingu, yaani 260, kisha zidisha mara mbili, kwa sababu betri ya risasi ikinywewa kupita nusu kila siku hufa mapema. Hiyo ni 520. Gawanya kwa volti 12 upate ampea-saa 43. Nunua ya 50. Mwenye duka akikuambia pasi na jiko vitawaka kwa mtambo huo, toka dukani kwake.

Paneli hufungwa mahali pasipo na kivuli tangu saa tatu asubuhi hadi saa kumi. Tawi moja la mwembe linalofunika pembe tu laweza kuondoa sehemu kubwa ya nguvu. Sisi wa Tanzania tuko kusini ya ikweta, hivyo ielekee kaskazini, imelala kwa nyuzi 10 hadi 15, maji ya mvua yateremke na vumbi. Akina baba, msipande juu ya bati lililolowa, wala peke yenu. Mguu uliovunjika kwa kuanguka paani ni miezi mingi bila kulima.

Kosa langu lilikuwa waya. Nilitaka kuokoa fedha nikatumia waya mwembamba wa spika. Taa ya jikoni ikawa hafifu, na tulipounganisha televisheni waya ukapata joto mkononi. Umeme wa volti 12 hupitisha ampea nyingi kwa kazi ileile, kwa hiyo unataka waya mnene: kutoka paneli hadi betri tumia ule wa 2.5, na uwe mfupi kadiri iwezekanavyo. Mwekundu uwe wa chanya, mweusi wa hasi, usibadilishe. Kwenye waya wa chanya, karibu kabisa na betri, weka fyuzi. Fyuzi ikikatika usiweke karatasi ya sigara mahali pake. Nyumba ya nyasi haitakungoja utafute maji.

Wakati wa kuunganisha, funika paneli kwa blanketi. Kontrola iunganishwe kwanza na betri, kisha paneli, mwisho taa. Wakati wa kufungua anza na paneli. Wenye inveta wajue kwamba volti 230 zinazotoka humo huua sawasawa na umeme wa nguzo. Kazi hiyo mwachieni fundi.

Sasa betri yenyewe. Vua pete na saa kabla ya kuishika. Spana ikigusa vichwa vyote viwili hutoa cheche kali, na pete huweza kuwaka moto kidoleni. Betri ya maji ikichajiwa hutoa hewa ya haidrojeni, ambayo hulipuka. Kwa hiyo haikai chumba cha kulala wala karibu na jiko, na kamwe usichungulie maji yake kwa mshumaa au kiberiti. Itengenezee sanduku la mbao lenye matundu juu, lenye kufuli, mahali penye hewa. Ukiweza kununua betri iliyofungwa kabisa, au ya lithiamu pamoja na kontrola inayoifaa, utaepuka kumimina asidi, ingawa bei iko juu. Mwenye ya kawaida aongeze maji safi ya betri tu, si ya kisima, wala si asidi. Asidi mwachieni muuzaji aijaze dukani. Isije nyumbani katika chupa yoyote.

Ikimwagika mwilini, vua nguo na mwagia maji mengi yanayotiririka kwa dakika 20. Ikiingia jichoni fanya vivyo hivyo, ukifungua kope, kisha njoo hospitali siku hiyohiyo. Usipake dawa ya meno, mafuta wala yai. Aliyekunywa asidi au mafuta ya taa asitapishwe, wala asinyweshwe maziwa kwa nguvu. Msukutueni kinywa, mje mara moja, na chupa mje nayo.

Na betri ikifa? Wako wanaoipasua na kuyeyusha risasi kwa ajili ya vizito vya nyavu, katika sufuria, uani, watoto wamezunguka. Risasi huingia mwilini kwa moshi na vumbi, huharibu damu na akili ya mtoto, na kilichoharibika katika ubongo hakirudi. Huko Dakar, Senegal, watoto 18 walikufa kati ya Novemba 2007 na Machi 2008 katika mtaa wa Thiaroye-sur-Mer, ambako watu walikuwa wakipasua betri kuukuu na kuchekecha mchanga wake watafute risasi. Jirani yetu Mombasa, wakazi wa Owino Uhuru waliugua kwa sababu ya kiwanda cha kuyeyusha betri kilichokuwa mtaani mwao.

Irudisheni betri nzima, haijapasuliwa, kwa muuzaji. Wengi huipokea na kupunguza bei ya mpya. Kama kuna mtoto aliyekuwa akicheza mahali palipoyeyushwa risasi, naye amepauka, anaumwa tumbo mara kwa mara au amezorota shuleni, mleteni, na mtuambie habari hiyo ya risasi bila kuficha, maana bila kuijua tutampa dawa ya minyoo na kumrudisha nyumbani.